Hazina za sayansi mtandaoni: kwa nini mwalimu harudi mara ya pili? (Sehemu ya 2)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kanzidata za elimu ya sayansi ni nini: majaribio, video, michezo na maandalio ya vipindi vilivyokusanywa mahali pamoja ili mwalimu, au yeyote anayependa kuwafafanulia watu sayansi, achukue bure. Swali la leo ni gumu zaidi. Kwa nini mwalimu huyo akiingia mara moja harudi tena?

Chukua kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kulitazama jua likigeuka pete. Mwalimu aliyetaka kuwaandaa wanafunzi wake siku chache kabla angeandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia? "Kupatwa kwa jua", bila shaka. Mwenzake angeandika "kupatwa jua". Wa tatu, wa sekondari, angetumia neno la Kiingereza alilolizoea vitabuni. Kama zoezi la kulitazama jua kwa boksi la viatu limeandikishwa kwa jina hilo la Kiingereza tu, wawili wa kwanza wataambiwa hakuna kitu, na zoezi lipo palepale.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya mkutubi. Mwaka 1995 wataalamu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, kutafuta namna moja ya kuvieleza vitu vilivyomo mtandaoni. Orodha iliyotokana na mkutano huo, Dublin Core, ina vipengele 15: jina, mada, lugha, tarehe, haki na kadhalika. Msingi mzuri, lakini haumtoshi mwalimu mwenye darasa lililofurika. Yeye anauliza mengine. Zoezi linachukua dakika ngapi? Linapakuliwa, au bando likiisha na somo limeisha? Vifaa vinapatikana duka la Mangi? Kwa lile boksi la viatu, rekodi iliyokamilika ingetaja boksi lenyewe, kipande cha foili, sindano, karatasi nyeupe na gundi. Ingetaja umri na muda. Na kwa herufi nzito ingesema mtoto alipe jua mgongo na kutazama mwanga unaoangukia karatasi ndani ya boksi, asichungulie jua kupitia kitundu.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Mtanzania ataandika "kompyuta", Mkenya aliyeshika Kiswahili cha darasani ataandika "tarakilishi". Kanzidata nzuri haimsahihishi yeyote kati yao. Huyafunga maneno hayo pamoja, likiandikwa moja yakaja matokeo ya yote mawili. Si uchawi wa teknolojia. Wakutubi walifanya hivyo kwa kadi za "tazama pia" miaka mingi kabla ya intaneti.

Kisha kuna uozo. Mwaka 2024 Pew Research Center ilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Na hata ukurasa ukiwapo, kilichomo chaweza kuwa kimekufa: Adobe ilipoacha kuihudumia programu ya Flash tarehe 31 Desemba 2020, michezo mingi ya kielimu ilizimika. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ulikuwa na majaribio mengi ya skrini yaliyoandikwa kwa Flash na Java. Ikabidi yaandikwe upya. Leo mengi yanafunguka kwenye simu, mengine kwa Kiswahili. Miradi midogo haikuwa na ubavu huo. Imebaki majina kwenye orodha, ukibonyeza unakutana na ukurasa mtupu. Inaudhi. Programu ya kupitia viungo vyote kila mwezi ni kitu cha kawaida, na kiungo kilichokufa kifutwe au kielekezwe kwenye nakala ya Internet Archive.

Kuhusu ubora, mfano wa kuigwa ni astroEDU ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Zoezi halichapishwi kabla ya kusomwa na watu wawili, mwanaastronomia na mwalimu. Wa kwanza hunasa kosa la sayansi. Wa pili anajua darasa litakavyolipokea. Kwa maoni ya mwandishi, rekodi 200 zilizopita mikononi mwa watu wa aina hiyo zina faida kuliko 20,000 zilizorundikwa.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita Luxor nchini Misri, ambako jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita, kisha Jeddah, Yemen na ncha ya Somalia. Nairobi na Mombasa wataliona limemegwa upande. Anayesimamia kanzidata ya sayansi na aandike "kupatwa kwa jua" kwenye kisanduku chake mwenyewe leo, aone kinachotoka.