Minyoo ya mbuzi: Tazama kope kabla ya kununua dawa

WAFUGAJI wengi wa mbuzi na kondoo huwanywesha mifugo wao wote dawa ya minyoo kila baada ya miezi michache, wakiamini wanajikinga na hasara. Utaratibu huo huongeza gharama na, kibaya zaidi, huzalisha minyoo sugu isiyosikia dawa.

Mnyoo wa kuogopwa zaidi ni yule anayenyonya damu, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Huishi kwenye tumbo la nne la mnyama, na jike mmoja huweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa malishoni wakati wa mvua, na lava hupanda kwenye majani mafupi yenye umande. Mnyama akiyala, baada ya wiki tatu hivi minyoo hiyo nayo huanza kutaga.

Dalili zake ni kudhoofu, kubaki nyuma ya kundi na kuvimba chini ya taya. Kuhara si lazima, ndiyo maana wengine hushtukia mbuzi amekufa akiwa bado na mwili.

Njia rahisi ya kutambua ni kufunua kope ya chini. Watafiti wa Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA: namba 1 ni nyekundu, namba 5 ni nyeupe. Wanyama wa 4 na 5 hupewa dawa mara moja. Wa 3 hupewa ikiwa ni wadogo, wamekonda, wana mimba au wananyonyesha. Wa 1 na 2 huachwa. Minyoo yao isiyo sugu huchanganyika na ile sugu, na dawa huendelea kufanya kazi. Wakati wa mvua, ukaguzi ufanyike kila wiki mbili.

Weupe wa kope waweza pia kuletwa na nagana au minyoo ya ini, hivyo penye shaka aitwe ofisa mifugo. Mnyama apimwe uzito kabla ya kunyweshwa, kwani dozi pungufu hujenga usugu. Kwa dawa nyingi, dozi ya mbuzi ni kubwa kuliko ya kondoo.

Mbegu nayo ina nafasi yake. Utafiti uliofanyika Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kuwa kondoo wekundu wa Kimasai huhimili minyoo kuliko Dorper.

Kwa mfanyabiashara wa mnadani, kufunua kope ni kazi ya nusu dakika. Afanye hivyo kabla ya kutoa fedha.