Je, Wajua? Senti ya shaba ya 1943

Mwaka 1943, Marekani ilifua senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki, kwani shaba ilihitajika vitani. Vipande vichache vya shaba vilivyosalia mitamboni vikagongwa kimakosa, na leo ni mali adimu.

Matapeli nao hawakulala. Wengine huipaka shaba senti ya chuma. Hao huumbuliwa na sumaku tu. Wajanja zaidi huchukua senti ya 1948 na kuikwangua 8 ubavuni mpaka ifanane na 3. Hapo sumaku hainasi, na mizani husoma gramu 3.11 kama ya kweli! Shika lenzi: mkia wa 3 halisi hushuka chini kuliko tarakimu jirani. Wa kuchonga haufiki.