DRONI INAYOONA JOTO LA NYAYA ZA UMEME



Mchumaji mzoefu wa chai huingiza mkono kikapuni kabla ya kupeleka majani kituoni. Akisikia joto, anajua majani yameshindiliwa mno na yameanza kuharibika, ingawa kwa juu bado ni mabichi. Nyaya za umeme nazo huonyesha ubovu kwa joto, kabla ya moshi kutokea. Lakini waya wa umeme haushikwi kwa mkono. Kwa hiyo mafundi wa nchi nyingi hutumia ndege ndogo isiyo na rubani, yaani droni, iliyofungwa kamera ya kuona joto.

Joto hutoka wapi?

Kiungo cha waya kikikazwa vizuri, umeme hupita bila taabu. Kikilegea au kikishika kutu, umeme hupita kwa shida na mahali hapo hupata moto. Umeme unaopita ukizidi mara mbili, joto linalotokea huzidi mara nne. Ndiyo sababu kiungo kibovu huvumilia mchana, kisha huungua jioni watu wanapowasha taa.

Kamera huonaje?

Kila kitu hutoa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliitambua miali ya namna hiyo katika mwanga wa jua kwa kutumia kipimajoto. Kamera huigeuza kuwa picha, na mahali penye moto hung'aa. Fundi hulinganisha nyaya tatu za nguzo moja: ikiwa viungo viwili ni baridi na cha tatu ni moto, hapo pana ubovu.

Lakini umeme lazima uwe unapita wakati wa kupima. Upepo hupoza kiungo, jua kali huchanganya picha, na chuma king'aacho hudanganya kamera. Tena droni haitengenezi kitu. Fundi lazima akate umeme na kukaza kiungo.

Faida yake kwetu

Hapa Kapkatet, feni za kunyausha majani na mashine za kiwanda huendeshwa kwa umeme. Ukikatika ghafula, kiwanda huwasha jenereta, na gharama ya mafuta hupunguza bonasi yako. Kukaza kiungo kimoja mapema ni nafuu kuliko kungoja kiungue.

Mambo ya kufanya

1. Ukiona droni juu ya nyaya, usiitupie mawe. Kwa kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Ukiwa na shaka, mwulize chifu.

2. Usipande mikaratusi chini ya nyaya. Tawi likigusa waya, usilikate mwenyewe, toa habari.

3. Droni haioni ndani ya nyumba yako. Swichi au plagi ikipata moto au ikinuka, zima umeme na umwite fundi mwenye leseni.

4. Waya ukianguka, usiukaribie hata kama unaonekana hauna umeme. Zuia watoto na ng'ombe, kisha upigie Kenya Power simu nambari 97771.

Mkono wako uendelee kupima kikapu. Waya tuwaachie mafundi na kamera yao.