Nani atamfundisha kijana wetu kuendesha?

Wazazi wengi wa Mushaki wamekwisha kusikia ombi hili nyumbani: kijana ana miaka 16 au 17, anataka kujifunza pikipiki, na baadaye gari. Kumpeleka shule ya udereva mjini ni gharama. Basi tunamwendea mjomba, jirani au motari tunayemfahamu, tunamwambia: "Utufundishie huyu mtoto." Tunamchagua kwa sababu ameendesha miaka mingi. Lakini mtu anaweza kuendesha vibaya miaka 20 na bado hajaanguka.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Ndugu wazazi, kabla ya kumkabidhi mtoto, tunawaomba mpande na mwalimu huyo safari moja tu, kutoka Mushaki kushuka hadi Sake. Hamhitaji kujua kuendesha. Angalieni mteremko. Dereva mwema huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, huiacha injini imzuie, na breki huigusa kwa vipindi. Mwingine huzima injini au kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Huyo amebaki na breki peke yake, na breki zikipata moto sana haziwezi tena kushika. Ikiwa ni gari, injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki inadai nguvu nyingi kuliko kawaida. Kijana hataangalia maneno ya mwalimu wake. Ataiga mkono na mguu wake.

Angalieni pia kama amevaa kofia ngumu na kuifunga kidevuni, na kama anapunguza mwendo akikutana na ng'ombe au ukungu wa asubuhi. Amebeba watu wangapi? (Hapa tuseme kweli: mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomba atubebe wawili pamoja na bido za maziwa.) Kisha mumuulize swali moja: ni lini mara ya mwisho ulikataa safari? Dereva ambaye hajawahi kukataa kwa sababu ya mvua, usiku, uchovu au mzigo, atamfundisha mtoto kutokataa. Kwetu sisi, jibu la swali hilo lina uzito kuliko miaka yake yote barabarani.

Mwalimu ajue pia kueleza sababu. Kwa mfano, ukitoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa ukafika 40, breki zitahitaji umbali mara nne kabla chombo hakijasimama, si mara mbili. Kwenye matope ni zaidi. Kijana aliyeelewa hivyo atapunguza hata akiwa peke yake.

Kwa gari kuna shida nyingine ya upande wetu wa mashariki. Kongo tunapita upande wa kuume, lakini magari mengi ya hapa yana usukani kuume pia, kwa sababu yalitengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Dereva ameketi upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya Fuso haoni kinachokuja mbele. Wengine humuuliza abiria: "Njia iko wazi?" Mwalimu anayefanya hivyo tusimpe mtoto. Amfundishe kurudi nyuma, kumwachia Fuso nafasi na kungoja mahali palipo wazi, hata kama vumbi litamsumbua kilomita nyingi.

Sheria ya barabarani ya mwaka 1978 inadai leseni, na kwa gari umri ni miaka 18. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 aanzie uwanjani, mbali na watu, siyo barabara ya Masisi siku ya soko. Na leseni iliyopatikana bila mtihani haimfundishi mtu kushika breki.

Mwishowe, makubaliano yasemwe mbele ya kijana, awe mvulana au msichana. Mwalimu alipwe kwa kila somo, hata kama ni kidogo. Asipolipwa, siku ya pili atampa mwanafunzi pikipiki abebe wateja ili apate pesa ya kumpa mwenye chombo. Na tuandike pamoja kwamba hakuna abiria nyuma ya mwanafunzi mpaka mzazi apande naye tena kushuka Sake na kurudi.