Ajali ya Breki Ina Kinga

Ndugu wafanyakazi, watu husema ajali haina kinga. Msemo huo huwafaa sana baadhi ya waajiri, maana gari likishindwa kusimama lawama hutupiwa bahati mbaya, na bahati isipotosha hutupiwa dereva. Sisi tuliokuwa tukipanda gari la kazi kati ya Arua na Koboko tunapenda kuwaeleza tuliyojifunza, ili wenzetu wa viwandani na mashambani wasije wakajifunza kwa damu.

Barabara hiyo ni sehemu ya njia ya kilomita 92 itokayo Vurra, mpakani na Kongo, na kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Zamani ilikuwa ya udongo. Magari yalitambaa kwa mashimo na matope, na breki mbovu ziliweza kujificha. Katika miaka ya 2010 ilitiwa lami, nasi tulifurahi. Lakini gari lililokuwa likienda kilomita 40 kwa saa sasa linakwenda 80, na mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ambayo breki zinahitaji kulisimamisha gari huzidi mara nne. Kwa mwendo wa 80, dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga, gari limekwisha kwenda mita 22.

Gari letu lilikuwa kuukuu, la porini, la magurudumu manne yenye kuvuta. Lilikuwa limegeuzwa mara nyingi. Springi ziliongezwa ili liinuke juu ya mawe. Tairi kubwa zilifungwa. Injini ya petroli ilitolewa ikatiwa ya dizeli ili kupunguza gharama ya mafuta. Mwisho, nyuma kukachomelewa mabenchi ya chuma ili wafanyakazi wapate pa kukaa. Kila fundi alifanya sehemu yake akaenda zake. Breki zilibaki zile zile.

Asubuhi moja tuliteremka kuelekea daraja dogo. Dereva alikanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe, gari likaendelea. Alishusha gia moja baada ya nyingine, tukasimama ng'ambo ya daraja. Hakuna aliyekufa. Siku ya pili dereva alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Hapo ndipo tulipomwendea mwakilishi wa chama, tukadai gari lichunguzwe kabla ya mtu kuadhibiwa.

Fundi aliyelichunguza alitueleza mambo manne.

La kwanza, busta. Chombo hiki humsaidia dereva kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ya petroli huutoa mvuto huo yenyewe, lakini ya dizeli huhitaji pampu yake ya kunyonya hewa. Waliobadili injini hawakufunga pampu. Kwa hiyo busta lilikuwa pambo tu.

La pili, tairi. Tairi ikiwa kubwa, breki ile ile hushika kwa nguvu ndogo zaidi barabarani. Ukitoa tairi ya urefu wa sentimita 78 ukafunga ya sentimita 86, umepoteza karibu sehemu moja kati ya kumi ya nguvu ya breki.

La tatu, springi. Pikapu nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono wa chuma unaopima mzigo. Gari likiinuliwa, mkono huo hudhani kwamba gari ni tupu, hivyo hupunguza breki za nyuma hata kama mmekaa watu kumi. Sharti mkono huo urekebishwe. Pia mipira ya breki ikiwa mifupi huvutwa gurudumu linaposhuka, na siku moja hukatika.

La nne, uzito. Chuma cha mabenchi, watu na magunia vyote ni mzigo, na breki za kiwandani hazikupimwa kwa mzigo huo.

Ndugu msomaji, huhitaji kuwa fundi ili kuitambua hatari. Muulize dereva pedali yake ikoje. Ikiwa ngumu na gari halisimami, shuku busta, au mafuta yaliyomwagikia vitambaa vya breki. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani ya mabomba. Ni lazima itolewe, na kwa kawaida mafundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Ikizama polepole mguu ukiwa juu yake, mafuta yanavuja, au mipira ya masta silinda imechoka. Ikienda chini mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, breki za nyuma zinahitaji kukazwa. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja halifanyi kazi sawa na mwenzake.

Busta lina jaribio jepesi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano hadi iwe ngumu. Acha mguu juu yake, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo, busta ni zima. Isiposhuka, gari lisiondoke.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyozeeka. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, unyevu ule huchemka, na mvuke hauwezi kusukuma breki. Kwa hiyo teremka kwa gia ndogo, na mafuta yabadilishwe kwa wakati. Kamwe usiongeze mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki. Huharibu mipira yote.

Baada ya uchunguzi huo barua ya onyo ilifutwa. Pampu ilifungwa, valvu ikarekebishwa, tairi za kipimo cha kiwanda zikarudishwa. Mabenchi tulipigania kwa muda mrefu zaidi, maana mwajiri aliona gari la abiria ni gharama.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, nao unataka mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe.

Basi, wenzetu, tunashauri hivi. Kila gari la kazi liwe na daftari. Kila asubuhi, kabla ya watu kupanda, dereva alijaribu uwanjani kwa mwendo mdogo, aandike alichokiona, na mwakilishi wa wafanyakazi atie sahihi. Kila gari linapogeuzwa, iwe tairi, springi au injini, breki zichunguzwe upya siku hiyo hiyo. Na dereva anayesema gari ni bovu asiachwe peke yake mbele ya meza ya meneja. Anayatetea maisha ya wote waliokaa nyuma yake.