Marekani 1960: Hawaii ilimpa Nixon ushindi, kisha kura 115 zikamrudishia Kennedy

Jumanne tarehe 8 Novemba 1960, wakaaji wa visiwa vya Hawaii walishiriki katika kumchagua rais wa Marekani kwa mara ya kwanza. Jimbo lao lilikuwa bado changa: lilipokelewa kuwa jimbo la 50 tarehe 21 Agosti 1959. Kura zilipohesabiwa, Richard Nixon, makamu wa rais na mgombea wa Warepublikani, alikuwa na 92,505. John Kennedy, seneta na mgombea wa Wademokrati, alikuwa na 92,364. Kura 141 tu ziliwatenganisha.

Washington haikuitolea Hawaii jicho. Kennedy alikuwa amekwisha kushinda nchi nzima, ingawa kwa shida: alimzidi Nixon kwa kura karibu 113,000 kati ya zaidi ya milioni 68. Makelele ya wizi wa kura yalitoka Illinois, hasa Chicago, na Texas. Hawaii ilikuwa na wajumbe 3 tu kati ya 537, na wengi wao walitosha kwa 269. Hata kama zote tatu zingebaki kwa Nixon, Kennedy angekuwa rais.

Tukumbushe namna mambo yanavyokwenda kule. Raia hamchagui rais moja kwa moja. Anachagua kundi la wajumbe wa jimbo lake, na hao ndio wanaopiga kura ya mwisho mwezi wa Desemba. Sisi tunaoona wabunge wa jimbo wakichagua gavana na maseneta hatuhitaji maelezo marefu.

Kwa nini Hawaii ilikatika katikati namna ile? Kwa miaka mingi visiwa vilitawaliwa na makampuni makubwa ya miwa na mananasi, na makampuni hayo yalitembea pamoja na Warepublikani. Wafanyakazi wa mashamba, wengi wao wenye asili ya Japani, Ufilipino na China, waliingia katika sendika, na vijana wa Kijapani waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia hawakukubali tena kukaa nyuma. Mwaka 1954 Wademokrati walichukua bunge la visiwa. Lakini mwaka 1959 gavana wa kwanza aliyechaguliwa, William Quinn, alikuwa Mrepublikani. Maseneta wawili: mmoja wa huku, mmoja wa kule. Nixon alifika huko mwenyewe Agosti 1960, kwa sababu alikuwa ameahidi kukanyaga majimbo yote 50. Ahadi hiyo ilimchosha vibaya, na wengi wanaona ilimpotezea siku ambazo angezitumia Illinois.

Turudi kwenye hesabu. Mwishoni mwa Novemba, gavana akiwa safarini, makamu wake James Kealoha alitia sahihi cheti kinachowatambua wajumbe wa Nixon. Kwa kawaida mambo huishia hapo. Lakini Wademokrati walikwenda kortini Honolulu, wakaonyesha kwamba takwimu za vituo kadhaa hazilingani. Msomaji anayejua maana ya PV ya kituo cha kura anaelewa walichokuwa wanatafuta: makaratasi yafunguliwe, yahesabiwe moja kwa moja, mbele ya pande zote mbili.

Hakimu Ronald Jamieson alikubali. Hapo ndipo mambo yaligeuka, kwa maana upande wa pili ulikuwa na hoja nzito: muda umekwisha, sheria ya mwaka 1887 inataka mabishano yamalizike siku sita kabla ya wajumbe kukutana, na cheti kimekwisha tolewa. Hakimu hakuona kama cheti kilichotiwa sahihi kinaweza kuzuia watu wasijue hesabu ya kweli. Kazi ilianza kwa vituo vichache, ikapanuka.

Jumatatu tarehe 19 Desemba, siku ya wajumbe kupiga kura, hesabu mpya ilikuwa haijamalizika. Basi makundi mawili yalikutana Honolulu. Warepublikani watatu, wenye cheti mkononi, walimpigia Nixon. Wademokrati watatu, wasio na cheti chochote, walimpigia Kennedy, wakatuma karatasi zao Washington vilevile. Kati ya hao watatu alikuwa Jennie Wilson, bibi wa miaka 88, mjane wa aliyekuwa meya wa Honolulu. Katika ujana wake alikuwa mchezaji wa hula mbele ya mfalme Kalākaua, Hawaii ilipokuwa bado ufalme huru. Ufalme ule uliangushwa mwaka 1893, na Marekani ikavitwaa visiwa mwaka 1898. Mama huyo aliishi hadi kumpigia kura rais wa Marekani kama mjumbe.

Tarehe 30 Desemba hakimu alitoa uamuzi: Kennedy 92,410, Nixon 92,295. Kura 115. Gavana Quinn, Mrepublikani, angeweza kuvuta siku. Hakufanya hivyo. Tarehe 4 Januari 1961 alitia sahihi cheti kipya kwa faida ya chama pinzani, nacho kikapelekwa mbio kwa ndege.

Ijumaa tarehe 6 Januari, mabaraza yote mawili ya bunge yalikutana kuhesabu kura za wajumbe. Kiti cha mwenyekiti, kufuatana na katiba, ni cha makamu wa rais, yaani Nixon mwenyewe. Mezani palikuwa na vyeti vitatu kutoka Hawaii. Nixon alipendekeza cha mwisho kitambuliwe, akaongeza kwamba jambo hilo lisichukuliwe kama mfano kwa siku za mbele. Hakuna mbunge aliyepinga. Kisha akatangaza matokeo: Kennedy 303, Nixon 219, na 15 za seneta Harry Byrd. Tangu mwaka 1861 hakuna mgombea aliyekuwa ametangaza kushindwa kwake kutoka kiti kile.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, siku zile zina uzito mwingine. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, siku 11 baada ya kikao hicho, na siku tatu kabla ya Kennedy kula kiapo.

Ombi la Nixon kwamba kisa hiki kisiwe mfano halikusikilizwa. Mwaka 2000, katika kesi ya kura za Florida, jaji John Paul Stevens wa Mahakama Kuu alikitaja alipopinga kusimamishwa kwa hesabu mpya. Mwaka 2020 mawakili wa Donald Trump walikitumia kutetea makundi ya wajumbe waliojikusanya katika majimbo ambayo Trump alikuwa ameshindwa. Hapo ulinganisho unavunjika. Honolulu palikuwa na hakimu na kura zikihesabiwa upya siku ileile wajumbe walipokutana, na hatimaye gavana aliyetia sahihi. Katika majimbo ya 2020 hakuna korti iliyogeuza matokeo, wala gavana aliyewapa watu hao cheti. Baada ya ghasia za tarehe 6 Januari 2021, bunge la Marekani lilibadilisha sheria ile ya 1887. Tangu mwisho wa mwaka 2022 imeandikwa wazi kwamba makamu wa rais hana uwezo wa kuchagua cheti kipi kihesabiwe.