Mgeni wa masika huokota kuni



Wakazi wa Arusha tunaijua vizuri safari ya Desemba. Krismasi ikikaribia, magari hupanda kuelekea Nkoaranga, Akeri, Poli na Ng'iresi yakiwa yamejaa watoto, mchele na kreti za soda. Mbuzi anachinjwa, loshoro inapikwa, picha zinapigwa, na baada ya siku chache kila mtu anarudi mjini akiwa na mkungu wa ndizi nyuma ya gari.

Pasaka ni habari nyingine. Sikukuu hiyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, kwa hiyo kila mwaka hutukuta masika yakianza au yakiwa yamekolea. Ndipo simu zinapoanza: "Shikamoo mama. Huku mvua imezidi, na nasikia njia yenu imeharibika. Nimekutumia kitu kidogo kwenye simu, tutaonana kukikauka." Mama anajibu: "Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Sisi huku hatujambo."

Ndugu yangu, hiyo "hatujambo" ya mzazi aliye mlimani wakati wa masika inahitaji kwenda kuangaliwa kwa macho.

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mteremko wake wa kusini, unaoutazama mji, hupata mvua nyingi. Kuanzia Machi hadi Mei ukungu hushuka hadi migombani. Kuni zinalowa, na jiko linatoa moshi kuliko moto. Tundu la bati ambalo kiangazi halikumsumbua mtu sasa linadondosha maji juu ya kitanda. Njia ya kwenda chooni inateleza, na mzee wa miaka 80 akianguka hapo huenda asitembee tena. Ng'ombe wa zizini anataka majani kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Na ghalani mahindi ya mwaka jana yanaelekea kwisha, huku ya mwaka huu ndiyo kwanza yanasubiri palizi.

Hayo yote mama hayasemi kwenye simu. Hata ile fedha uliyomtumia, iliyofika kwa sekunde chache, ili aishike mkononi ni lazima ateremke kwenye utelezi mpaka kwa wakala, au amtume mtoto wa jirani.

Maandiko yana kisa cha wageni waliofika wakati wa mvua. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28, merikebu iliyombeba Paulo ilivunjika, na watu wote 276 wakafika pwani ya kisiwa cha Melita wakiwa wamelowa. Wenyeji hawakuuliza dini yao wala kabila lao. Kwa sababu ya mvua na baridi, waliwawashia moto na kuwakaribisha. Mara nyingi tunahubiri juu ya wema wa wenyeji wale, kisha tunaruka haraka kwenda kwa yule nyoka. Lakini tazama nyoka alitokea wapi. Alitokea kwenye mzigo wa kuni ambao Paulo mwenyewe aliuokota na kuuweka motoni. Alikuwa mgeni, amechoka, amelowa, tena ni mfungwa, na bado aliinama akaokota kuni.

Huyo ndiye mgeni wa masika. Mgeni wa Desemba huletewa kiti na sahani. Mgeni wa masika hutazama kwanza kama moto unawaka.

Mariamu naye alifanya hivyo. Luka sura ya 1 inasema alikwenda kwa haraka hadi nchi ya milima kwa Elisabeti, mwanamke mwenye umri mkubwa aliyekuwa na mimba ya miezi sita. Tunaikumbuka salamu yao na wimbo wa Mariamu, tukasahau kwamba alikaa huko kama miezi mitatu. Biblia haituambii alifanya kazi gani siku zote hizo. Lakini kila mwanamke aliyewahi kukaa na ndugu yake mjamzito anajua kwamba miezi mitatu haipiti kwa kuimba tu. Kuna maji ya kuteka na chakula cha kupika.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakati wa palizi, mtoto wa nyumbani asingoje siku ya tatu. Apande na mabuti yake, misumari, sukari, unga na blanketi. Apige ngazi, azibe lile tundu, achimbue mfereji uliojaa matope nyuma ya nyumba, amkatie ng'ombe majani, na jioni akae jikoni amsikilize mzee. Mkwe naye asikae sebuleni kusubiri chai. Watoto waende pia, wajifunze kwamba kwa bibi kuna kazi, si soda tu.

Lakini upendo hautupi ruhusa ya kumjaribu Mungu. Mito yetu ina tabia yake: mvua ikinyesha mlimani, Themi, Naura au Nduruma inaweza kujaa huku chini jua likiwaka. Hatujasahau Aprili 12, 2024, gari lililobeba wanafunzi liliposombwa na maji korongoni huko Muriet. Watoto walikufa, na mtu aliyejitosa kuwaokoa akafa pia. Siku 13 baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kwa hiyo sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukikuta maji yamefunika daraja, geuza gari. Mzazi anayekupenda afadhali akungoje wiki mbili kuliko kukuzika.

Ndiyo maana ombi la Paulo kwa Timotheo lina hekima. Katika waraka wa pili, sura ya 4, anamwomba amletee joho aliloliacha Troa, na afanye bidii kufika kabla ya majira ya baridi. Paulo alijua kuna wakati njia hufungwa. Nasi tunaweza kupanda Februari kukagua paa, kupasua kuni na kuziweka pakavu. Na ambaye hana mtoto wa kuja? Huyo ni wa jumuiya. Vijana wa kwaya wanaoweza kuimba saa tatu wanaweza pia kubeba mabati mawili hadi kwa mjane.

Leo baada ya ibada, piga simu nyumbani. Usiulize "hamjambo?" Uliza kitanda kimelowa upande gani, na kuni zimebaki za siku ngapi. Kisha upange siku ya kupanda.

Jumapili njema.